Saanane, Rubondo au Ndabaka: pa kuwapeleka vijana waone wanyama wanavyofundishana

Likizo ikikaribia, viongozi wa klabu za Malihai, yaani klabu za vijana za uhifadhi, na walimu wa baiolojia wa hapa Mwanza huanza kuulizana safari iwe ya wapi. Mara nyingi mjadala huishia kwenye nauli na kwenye swali la kama simba ataonekana. Mimi nina kigezo kingine. Nataka kijana arudi nyumbani akiwa ameelewa kwamba hata mnyama wa porini hufunzwa na wenzake, na kwamba mafunzo hayo yakikatika uhifadhi unapata hasara ambayo sensa ya wanyama haiwezi kuionyesha.

Nimechagua sehemu tatu ambazo mtu wa Mwanza anazifikia kwa basi na boti: Kisiwa cha Saanane, Kisiwa cha Rubondo, na upande wa magharibi wa Serengeti kupitia lango la Ndabaka. Gombe na Mahale, hifadhi za sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, ndizo shule kuu za somo hili, lakini safari ya Kigoma ni habari nyingine na ina bajeti nyingine.

Kabla ya kulinganisha, tukubaliane tunazungumzia nini. Kobe akitoka kwenye yai hana mama wa kumwelekeza, na bado anajua kula. Hiyo amezaliwa nayo. Sasa mtazame sokwe. Mwaka 1960, huko Gombe, Jane Goodall alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akitumbukiza bua la nyasi kwenye kichuguu na kulichomoa likiwa limejaa mchwa. Ufundi huo mtoto wa sokwe huupata kwa kukaa miaka kando ya mama yake, akitazama, akijaribu, akikosea. Ukishuka kusini kwenye ziwa hilohilo la Tanganyika mpaka Mahale, utakuta sokwe wawili wanaochambuana manyoya wakiinua kila mmoja mkono wake na kuikutanisha juu ya vichwa. Mtindo huo uliripotiwa mwaka 1978. Wa Gombe hawanao, ingawa wote ni sokwe wa aina moja na misitu yao haipishani sana. Mwaka 1999 watafiti kutoka vituo saba vya Afrika waliunganisha kumbukumbu zao na kupata tabia 39 ambazo ni za kawaida kwenye baadhi ya jamii za sokwe na hazipo kwenye nyingine, bila tofauti ya mazingira kuweza kueleza kwa nini. Huo ndio utamaduni wa wanyama: jambo linaloigwa, likaenea kundini, likabaki hata aliyelianzisha akifa.

Wahifadhi walichelewa kulitilia maanani. Mwaka 2014 ndipo nchi wanachama wa Mkataba wa Wanyama Wanaohama zilipokubaliana kwamba utamaduni wa nyangumi na pomboo uzingatiwe katika kuwalinda, na baadaye zikaongeza hatua kwa ajili ya sokwe wa Afrika Magharibi wanaopasua kokwa ngumu kwa mawe. Hoja yao ni nyepesi kuielewa. Ukilinda sokwe mia huku waliojua kupasua kokwa wote wamekwisha, idadi umeilinda, lakini kiangazi kikija hao mia hawana chakula ambacho babu zao walikuwa nacho.

Saanane: karibu, rahisi, na tumbili ni wengi

Kutoka ofisi za hifadhi pale Capri Point, boti huchukua dakika chache tu. Kisiwa kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake. Mwaka 1964 kilianza kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote: kilometa za mraba 2.18, maji yakiwemo. Kuna pimbi wanaoota jua kwenye majabali, kuna swala pala, kuna mijusi na ndege. Kwa somo letu wote hao wasubiri. Mwalimu wa Saanane ni tumbili.

Watu wa Mwanza tumemzoea tumbili mpaka tumemdharau. Ni mwizi wa ndizi, basi. Lakini baadhi ya ushahidi bora kabisa wa wanyama kuigana umetoka kwake. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, watafiti waliwawekea tumbili 109 wa porini, wa makundi manne, mahindi ya rangi mbili, waridi na bluu. Kwenye baadhi ya makundi waridi yalilowekwa dawa chungu, kwenye mengine bluu. Tumbili wakajua upesi yapi ya kuacha. Baada ya miezi uchungu ukaondolewa, rangi zote mbili zikawa tamu. Watoto waliozaliwa baadaye, ambao hawakuwahi kuonja uchungu, wakala rangi aliyokula mama na kuiacha nyingine papo hapo puani mwao. Kilichowashangaza zaidi watafiti ni madume. Dume wa tumbili akikua huhama kwao na kwenda kundi jingine. Kumi walihama wakati wa utafiti, wakakuta wenyeji wanakula rangi ambayo wao walifundishwa kuichukia, na wote isipokuwa mmoja wakaiacha ya kwao wakala ya wenyeji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Sijui kama kuna mfano mzuri zaidi wa kumpa mwanafunzi wa kidato cha pili, kwa sababu anauelewa bila kamusi.

Pale kisiwani gawa vijana wawili wawili, kila jozi imfuate kwa macho tumbili mmoja mwenye mtoto. Waandike mama anaokota nini, mtoto anaokota nini baada yake, na mtoto anamtazama nani kabla ya kuonja. Wasikilize pia kelele za tahadhari. Utafiti uliofanyika Amboseli, Kenya, na kutangazwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka, na kila mlio una namna yake ya kukimbia: juu mtini, chini kichakani, au kusimama kwa miguu ya nyuma na kukagua nyasi. Vichanga hupiga mlio wa tai hata kwa ndege asiye na madhara, halafu kadiri wanavyokua na kusikia wakubwa wakiitikia au wakinyamaza, wanajirekebisha. Juu ya Saanane tai wapo, tena tai wavuvi wa ziwa hili wana kelele. Kuna cha kusikiliza.

Upungufu wa Saanane ni huu: unaona kuigana, huoni utamaduni. Ili useme jambo fulani ni desturi ya kundi, lazima uwe na kundi la pili lenye desturi tofauti katika mazingira yanayofanana, na kisiwa kidogo hakikupi hilo. Mwalimu mjanja anaweza kuwapitisha vijana kwenye majabali ya Capri Point kabla ya kupanda boti, wakawatazama tumbili wa mjini, kisha wakalinganisha. Hapo ndipo watakapoona kwa macho yao kwamba tumbili wa mjini ana elimu ya mifuko ya plastiki, na elimu hiyo ameipata kwa wenzake. Ndiyo maana kuwalisha kunakatazwa. Ukimpa mmoja ndizi mkononi, walioko pembeni wametazama.

Rubondo: hapa ndipo penye fumbo

Rubondo iko pembe ya kusini-magharibi ya ziwa. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, foleni ya kivuko haipo tena: unavuka, unapita Sengerema na Geita hadi wilaya ya Chato, kisha boti ya hifadhi kutoka Kasenda. Hata hivyo si safari ya kwenda na kurudi siku moja kwa kundi la wanafunzi. Kuna kulala, kuna chakula, kuna mafuta ya boti. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya Saanane.

Halafu sokwe wenyewe huenda msiwaone. Msitu ni mnene, kisiwa ni kikubwa, nao kwa miongo mingi waliishi kama sokwe wa porini wasiotaka kuonwa; kazi ya kuwazoesha watu imechukua muda mrefu. Anayeahidi kijana kwamba "lazima utamwona sokwe" anajitafutia lawama.

Pamoja na hayo yote, kwa kundi lililokwisha kusoma kidogo, mimi ningechagua Rubondo kabla ya sehemu nyingine yoyote ya ukanda huu. Sababu ni historia yake.

Kati ya mwaka 1966 na 1969, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek, mhifadhi wa Kijerumani, na shirika lake la wanyama la Frankfurt, sokwe 17 waliachiwa kisiwani kwa awamu nne. Hawakutoka Gombe wala Mahale. Walitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Asili yao ilikuwa Afrika Magharibi, walikokamatwa wakiwa wadogo. Walikuwa wamefungwa kwa muda unaotofautiana, wengine miezi michache, mmoja mmoja hadi miaka tisa. Hakuna aliyewafundisha kuishi msituni. Vizimba vilifunguliwa ufukweni, wakaingia.

Kwa elimu ya leo ungesema watakufa. Sokwe asiye na mama hajui matunda gani ni sumu, hajui kusuka kitanda cha matawi juu ya mti, na Rubondo hapakuwa na sokwe mwenyeji hata mmoja wa kumwiga. Lakini ndani ya takriban mwaka mmoja walikuwa wanajitafutia chakula na kulala kwenye vitanda walivyosuka wenyewe. Wajukuu na vitukuu wao ndio walioko leo. Matunda ya mbungo, yaleyale ambayo watu wa Pwani wanakamulia juisi, yakawa miongoni mwa vyakula vyao vikuu.

Sasa mwalimu awaulize vijana: je, hii si inavunja hoja nzima ya utamaduni? Ikiwa sokwe wa sarakasi anaweza kutupwa kisiwani akaishi, wazee wa nini?

Nadhani jibu lina matabaka, na ndiyo raha ya Rubondo. Kwanza, wale 17 walizaliwa porini. Kabla ya kukamatwa walikuwa wameshaona mama zao wakisuka vitanda na kuchuma. Sokwe waliokulia utumwani lakini wakazaliwa porini wameonekana kukumbuka kusuka kitanda, ilhali waliozaliwa kizimbani mara nyingi hawajui pa kuanzia. Kwa hiyo walikuja na darasa la kwanza kichwani, hata kama hawakumaliza shule. Pili, kisiwa kiliwasamehe. Hakuna chui wala simba Rubondo. Matunda yapo karibu mwaka mzima. Hakukuwa na jamii nyingine ya sokwe ya kuwafukuza, na sokwe wenyeji wanaweza kuua wageni. Kosa ambalo kwingine pengine lingemuua sokwe anayejifunza, Rubondo ilimwachia arudie. Tatu, si kila kitu walichokihitaji walikuwa nacho. Kuishi na watu kulikuwa kumewaondolea hofu ya binadamu, na madume wawili walipigwa risasi baada ya kushambulia watu.

Na kuna jambo la nne, ambalo hutaliona kisiwani kwa sababu ni kitu kisichokuwepo. Makao ya sokwe hao ni mapya, ya nusu karne na ushee tu. Desturi ambazo jamii zao za zamani zilikuwa nazo huko Afrika Magharibi, zozote zilizohitaji miaka ya kumtazama mtu mzima, zilikatika pale mtoto alipotenganishwa na mama. Ukubwa wa hasara ya aina hiyo umepimwa kwingine. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa jamii 144 za sokwe barani Afrika, ukifuatilia tabia 31. Mahali palipoathiriwa sana na binadamu, uwezekano wa kukuta tabia hizo ulikuwa umepungua kwa wastani wa asilimia 88 ukilinganisha na mahali palipoachwa. Rubondo ni mfano wa mwisho kabisa wa mkondo huo: jamii iliyoanza upya bila wazee. Inaishi, inazaa, na inatengeneza desturi zake kuanzia chini.

Faru weusi nao waliwahi kupelekwa Rubondo miaka hiyohiyo ya 1960, wakaishia mikononi mwa majangili. Huko utamaduni hauhusiki, ni bunduki. Nawataja ili kijana asije akadhani kila kinachofeli katika kuhamisha wanyama kimefeli kwa kukosa wazee. Tembo sita walipelekwa miaka ya 1970 wakastawi. Nzohe, swala wa majimajini, ni wenyeji wa tangu asili, na mwenye bahati atawaona kwenye matete.

Masharti ya Rubondo yafuatwe bila kubembelezana. Mwenye mafua, kikohozi au homa asiingie kwa sokwe, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwaua. Umri wa chini unaoruhusiwa uulizwe hifadhini kabla hamjachangisha pesa. Nimesikia zaidi ya klabu moja ikigundua jambo hilo ikiwa imeshafika ufukweni.

Ndabaka: mahali elimu ya mnyama inapogongana na shamba la mtu

Toka Mwanza kwa barabara ya Musoma, pita Igoma, Kisesa, Magu, Lamadi. Ziwa liko kushoto kwako, na muda si mrefu baada ya Lamadi lango la Ndabaka liko kulia, karibu na barabara kabisa. Ukitoka alfajiri unaweza kuingia na kurudi jioni, ingawa ningeshauri kulala Lamadi au Bunda.

Wengi huja huku kwa ajili ya nyumbu wanaopita ukanda wa magharibi kati ya Mei na Julai. Watazameni, ni sawa. Ila kwa somo hili msikae sana nao. Vijana watauliza kama njia ya nyumbu inarithishwa. Nyumbu hufuata mvua na majani mabichi, na mimi nisingejenga somo la utamaduni juu yao. Mfano safi wa kuhama kwa kufundishwa uko mbali, kwa kondoo wa milimani wa Marekani: waliohamishiwa maeneo mapya hawakujua pa kuhamia majira yakibadilika, na utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha iliwachukua vizazi, miongo kadhaa, kujijengea ujuzi wa njia.

Tembo ndio sababu ya kuja Ndabaka.

Kundi la tembo huongozwa na jike mzee, na ukame ndio mtihani wake. Mwaka 1993 Tarangire ilikauka. Katika miezi tisa walikufa ndama 16 kati ya 81 waliokuwa wakifuatiliwa. Koo zilizotoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho zilipoteza wachache. Ukoo uliobaki ndani ulipoteza wengi. Tofauti waliyoiona watafiti, waliochapisha mwaka 2008, ni umri wa majike. Koo zilizohama zilikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa walikuwepo kwenye ukame wa 1958 hadi 1961. Ukoo uliobaki ulikuwa wa majike vijana, na watafiti waliuhusisha upungufu wa wazee na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980. Msukuma hahitaji maelezo ya hili: ni kama kijiji kilichopoteza banamhala, wazee wake, halafu visima vikakauka, na hakuna anayekumbuka kile cha ng'ambo ya mlima.

Kwa madume hadithi ni nyingine. Huko Pilanesberg, Afrika Kusini, madume vijana yatima waliohamishwa bila wakubwa wao walianza kuua faru. Zaidi ya faru 40 waliuawa kati ya mwaka 1992 na 1997. Hatua iliyoleta nafuu haikuwa bunduki. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wakubwa kutoka Hifadhi ya Kruger, vijana wakatulia, faru wakaacha kuuawa. Kila ninaposikia mtu akisema tembo dume mzee "hana kazi, ameshazaa vya kutosha, mwindwe", huwa nawaza Pilanesberg.

Lakini mwanafunzi wa Mwanza asipewe nusu ya habari. Wazee haohao wanafundisha pia mambo ambayo mkulima wa Bunda au Busega hayataki. Utafiti wa Amboseli wa mwaka 2012 uliwafuatilia madume wanaovamia mashamba. Dume ambaye marafiki zake wa karibu ni wavamizi, hasa walio wakubwa kwake, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mvamizi. Wizi wa mahindi ni ujuzi. Una saa zake, usiku. Una njia zake. Una namna ya kujua debe linalogongwa halina madhara. Na ujuzi huo unahama kutoka kwa dume mkubwa kwenda kwa anayemfuata nyuma.

Hapa ndipo Ndabaka inaposhinda sehemu nyingine zote mbili, kwa sababu swali lake bado halijafungwa na watu wa kulijibu wako palepale. Mtafutieni askari wa wanyamapori azungumze na vijana, kisha mtafuteni mkulima aliyelala shambani akilinda mahindi. Waulizwe wote wawili maswali yaleyale. Wanaovamia ni familia au ni madume? Ni walewale kila mwaka? Nani anatangulia? Vitambaa vya oili chafu na pilipili vya kuzuia tembo vilifanya kazi msimu wa kwanza, je, wa pili? Uzio wa mizinga ya nyuki, ambao ulipata umaarufu kutokea Kenya, unafaa kwa shamba la ukubwa gani?

Na swali gumu lenyewe: dume mvamizi afanywe nini? Akiuawa, kundi linapoteza mzee, na huenda vijana waliobaki wakawa wakorofi zaidi. Akihamishwa, huenda akarudi, au akaendeleza uvamizi huko alikopelekwa. Sri Lanka wamejaribu kuhamisha madume wasumbufu na yakawakuta yote mawili. Akiachwa, mkulima analala njaa, na kifuta jasho hakijazi ghala. Mimi naegemea upande wa kuzuia mapema: kuhakikisha dume kijana anayekuja shambani kwa mara ya kwanza hapati gunzi hata moja, kwa sababu safari ya kwanza ikimlipa, ameshafuzu. Lakini najua ni rahisi kusema hivyo ukiwa Nyamagana, mbali na shamba.

Basi uchague ipi?

Shule ya msingi na kidato cha kwanza na cha pili: Saanane, bila kusita. Watoto wadogo hawana subira ya msitu mnene wala hawahitaji hadithi ya faru waliouawa. Wanahitaji mnyama aliye karibu, anayefanya jambo wanalolielewa, na tumbili hawaangushi. Nusu siku inatosha. Barua ya shule ifike hifadhini mapema ili mpewe namba ya malipo kwa viwango vya wanafunzi, maana kulipia getini kundi la watoto arobaini kunakula asubuhi yote.

Kidato cha tano na cha sita, na wanafunzi wa vyuo: Rubondo, ikiwa pesa ipo na mmekubaliana moyoni kwamba sokwe anaweza asionekane. Msiende bila kusoma. Kijana asiyejua habari za wale 17 ataona miti na maji, atapiga picha, atarudi. Anayejua atakaa chini ya kitanda kikuukuu cha sokwe juu ya mti na kuwa na la kuuliza. Kama klabu haina uwezo wa Rubondo, somo lake lifundishwe darasani kabla ya Saanane; halipotei lote.

Vijana wanaojiandaa kwa kazi ya askari wa wanyamapori, wakiwemo wanaotamani Chuo cha Pasiansi hapa Ilemela, na klabu za vijijini kuanzia Magu hadi Bunda: Ndabaka. Hao ndio watakaosimama kati ya tembo na shamba, na hakuna kitabu kitakachowafundisha vizuri kama mkulima aliyeshinda macho usiku kucha. Nendeni mazao yanapokomaa, si wakati mashamba ni matupu, vinginevyo mtapewa hadithi za mwaka jana.

Ukiwa na uwezo wa safari mbili kwa mwaka, Saanane iwe ya kwanza kila mara, hata kwa wakubwa. Mtu aliyekwisha kumwona mtoto wa tumbili akimtazama mama kabla ya kuonja hasumbuki kuelewa dume kijana wa tembo anafanya nini nyuma ya dume mkubwa karibu na shamba la mahindi. Ukianza na Ndabaka, vijana wataona tembo, watafurahi, na utatumia jioni nzima Lamadi ukieleza jambo ambalo tumbili angelieleza kwa dakika kumi.